Miezi ya Kusubiri, Simu Mkononi

Vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa, najua wengi wenu mnanisikia kupitia simu hizo hizo ninazotaka kuzizungumzia, na nawaomba msiondoke. Mazungumzo ya leo ni yenu kwanza, kisha ndiyo ya wazazi wenu.

Jioni hii tuongee juu ya umakini. Nina maana ya ule uwezo wa mtu kukaa na jambo moja mpaka alimalize, awe anasoma ukurasa, anapiga hesabu au anachuma kahawa. Na nitauzungumzia kwa kuangalia kipindi kimoja cha maisha ya kijana ambacho sisi wakubwa hatukitazami sana. Ni kipindi kinachoanza Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, na kinakwenda mpaka Julai, wale waliochaguliwa wanapoingia kidato cha tano. Hesabuni wenyewe kwa vidole. Novemba mpaka Julai.

Miezi hiyo kijana anafanya nini?

Tujibu kwa ukweli. Asubuhi anasaidia kidogo shambani, maana mvua za vuli zimenyesha na maharage yanataka mikono. Januari matokeo yanatoka, kuna furaha na kuna machozi. Baada ya hapo anasubiri. Na anaposubiri, mkononi ana simu, pengine ya kwanza maishani mwake. Kaka yake aliyeko Mwanza amemtumia, au baba amemwachia ile ya zamani baada ya kununua mpya. Shuleni hakuwa nayo, kwa sababu shule zetu haziruhusu wanafunzi kumiliki simu. Kwa hiyo kijana huyu ametoka mahali ambapo simu ni marufuku kabisa, amefika mahali ambapo simu haina mpaka wowote. Katikati hapo hakuna mtu aliyemfundisha namna ya kuishi nayo.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tukae. Shule imekataza, nyumbani tumeachia, na hakuna aliyefundisha.

Walimu wanaopokea kidato cha tano wana lalamiko moja ambalo pengine mmeshalisikia. Wanasema mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akiwa anaweza kujisomea usiku kucha na daftari lake, anafika kidato cha tano, anapewa kitabu kinene cha historia au cha fizikia, na baada ya ukurasa mmoja macho yanatangatanga. Akili anayo, alifaulu. Nia anayo, amesafiri mbali kuja kusoma. Sasa kimepotea nini?

Wapo wanaojibu haraka kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, hawana umakini hata kidogo. Mimi jibu hilo silikubali, na nitawaeleza sababu. Nenda Omurushaka siku ya Jumamosi Ligi Kuu ya Uingereza inapochezwa, uingie kwenye kibanda umiza. Utawakuta vijana hao hao wamebanana kwenye mabenchi kwa dakika 90, na hakuna pasi inayowapita. Mwingine atakutajia mchezaji aliyesajiliwa jana na kwa bei gani. Huo ni umakini, tena mkubwa.

Ila sikilizeni vizuri. Kuna umakini wa aina mbili. Upo umakini wa kuvutwa, pale jambo lenyewe linapokushika na kukuvuta: mpira, muziki, ugomvi wa barabarani, video fupi ya mtu anayecheza dansi. Na upo umakini wa kujishikilia, pale jambo halikuvuti ila wewe mwenyewe unaamua kubaki nalo, akili ikitoka unairudisha, ikitoka tena unairudisha tena. Kusoma kitabu kigumu kunataka umakini huu wa pili. Kupiga hesabu vilevile. Na kuchuma kahawa vizuri pia, kupita kwenye mti mmoja mmoja ukichukua zilizoiva tu na kuziacha mbichi zisubiri, badala ya kukwanyua tawi zima ili kazi iishe. Anayekwanyua na anayechuma mbivu wote wana mikono. Mmoja anajishikilia, mwingine ameshachoka kujishikilia.

Simu inaulisha umakini wa kuvutwa tangu asubuhi hadi usiku. Ule wa kujishikilia hauguswi. Na uwezo usiotumika kwa miezi minane unadhoofika.

Turudi nyuma kidogo tuone jambo hili lilivyotufikia. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali, na ya polepole. Baadaye mkongo wa taifa ukaenea mikoani, minara ikapanda mpaka kwenye vilima vyetu, na simu janja zikashuka bei. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 2009 ndio leo wenye umri wa kidato cha nne. Hawajawahi kuijua Tanzania isiyo na mkongo huo. Sisi tuliozaliwa kabla tulikua na vitu vichache vya kutuvuta, kwa hiyo tusijisifu kwamba tulikuwa na tabia njema zaidi. Vishawishi vyetu vilikuwa vichache.

Sasa, ndani ya simu kuna nini hasa kinachomshika kijana? Hapa naomba vijana mnisikilize kwa makini, kwa sababu mnayo haki ya kujua mnavyoshikwa.

Mwaka 2006, mtaalamu mmoja wa Marekani anayeitwa Aza Raskin alibuni namna ya kuondoa mwisho wa ukurasa. Zamani ulikuwa ukifika chini ya ukurasa, unabonyeza ili kwenda unaofuata. Pale kwenye kubonyeza ulikuwa na nafasi ya kujiuliza, niendelee au inatosha? Alipouondoa mwisho, nafasi ya kujiuliza nayo ikaondoka. Unasukuma kwa kidole, na kila ukisukuma kuna kitu kipya. Raskin mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani akasema anajutia madhara ya ubunifu huo. Lakini programu zinazotumiwa na vijana wetu leo zimejengwa hivyo hivyo, hazina chini.

Kuna jambo la pili pia. Miaka mingi kabla ya simu janja, mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa na panya. Mnyama akibonyeza kitufe anapata chakula. Skinner aliona kwamba chakula kikija kwa bahati, mara kinakuja, mara hakiji, mnyama anabonyeza kwa ung'ang'anizi mkubwa na haachi upesi. Sasa mtazame kijana na simu yake. Video ya kwanza haifurahishi, ya pili haifurahishi, ya tatu inamchekesha mpaka anaita wenzake. Anaendelea kutafuta nyingine kama hiyo. Kubeti kunakwenda kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo maana nawaombeni wazazi msilione jambo la kubeti kwenye simu kama mchezo tu wa watoto wakubwa.

Jambo la tatu ni kukatizwa. Ujumbe umeingia, mtu amebadilisha stetasi, grupu la darasa linapiga kelele. Unaangalia sekunde tano tu, unarudi kwenye kitabu. Je, umerudi kweli? Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akitoka kwenye kazi moja kwenda nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya fikra zake inabaki kule alikotoka. Macho yapo kwenye kitabu, nusu ya akili bado inajibu ule ujumbe. Ni sawa na mtu anayelima huku akiitwa barabarani kila baada ya majembe mawili. Jua litazama, na tuta hata moja halijaisha, ingawa siku nzima hakukaa.

Wazee wangu, mnatikisa kichwa mkisema, naam, vijana hao. Subirini kidogo.

Yuko profesa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, anaitwa Gloria Mark. Kwa miaka mingi amekuwa akipima muda ambao mtu anakaa na jambo moja kwenye skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 alikuta wastani wa dakika mbili na nusu. Mwaka 2012 ukawa sekunde 75. Miaka ya karibuni umeshuka hadi kama sekunde 47. Nimewatajia tarakimu hizi, na sitawatajia nyingi, kwa sababu moja tu. Wengi wa watu aliokuwa akiwapima walikuwa watu wazima walioko kazini, wenye mishahara, familia na majukumu.

Kwa hiyo ugonjwa huu tunao sote. Mama anaandaa chakula huku grupu la michango ya harusi likiita. Baba anazungumza na mwanawe juu ya ada, simu inalia, anainua mkono kumnyamazisha mtoto, na mazungumzo ya ada hayarudi tena. Kijana anayaona haya tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Tukimwambia weka simu chini huku yetu iko mkononi, atatii siku hiyo moja.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo huko California huenda hawalijui, nalo ni vifurushi vya usiku. Bando la mchana ni ghali kwa kijana asiye na kipato. La usiku ni nafuu, unapata MB nyingi kwa pesa kidogo, lakini zinaanza kazi watu wamelala. Kijana anafanya hesabu yake, na kwa upande wa fedha hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Anakesha. Anapakua filamu, anachati, anaperuzi mpaka jogoo anawika. Asubuhi anaamshwa kwenda shambani baada ya usingizi wa saa tatu. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri huo anahitaji kati ya saa 8 na 10 kila usiku. Mtu aliyelala kwa saa tatu tu hana umakini wa kujishikilia hata umwekee kitabu kizuri namna gani, kwa sababu kujishikilia ni kazi, na kazi inataka mwili uliopumzika. Kwa maoni yangu, katika wilaya zetu hizi mbili, usingizi unaoibwa na bando la usiku unaharibu zaidi kuliko video zenyewe. Mzazi ukitaka kuanza na jambo moja tu, anza na usiku.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, nawaomba tukumbuke urithi wetu. Wazee wa huku mnaijua enanga, ule mti uliochongwa na kutandikwa nyuzi. Mpigaji alikaa, akagusa nyuzi, akaanza kuimba habari ya shujaa mmoja, ya ukoo wake, vita vyake, mapenzi yake na kifo chake. Hakusoma popote. Utenzi wote ulikuwa kichwani. Na waliomzunguka walikaa naye usiku ukiingia, wakiitikia, wakimfuatisha kutoka tukio moja hadi jingine, wakijua nani ni mtoto wa nani bila kuandikiwa. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti tenzi hizo za enanga miongoni mwa jirani zetu Wahaya, na kazi yake imechangia kuwaonyesha wasomi wa dunia kwamba Afrika ina tenzi kubwa za mashujaa.

Kwa nini naitaja enanga kwenye mazungumzo ya simu? Kwa sababu waliokaa kuisikiliza hawakuwa wazee watupu. Vijana walikuwepo, na ndivyo walivyojifunza. Hadithi ndefu ilikuwa na sehemu zinazochosha pia, majina mengi, marudio mengi, na kijana alivumilia kwa sababu alijua mbele kuna tukio analolingoja na kwa sababu watu wote pale walikuwa wanasikiliza. Umakini ulijengwa kwa pamoja. Mtoto alijishikilia kwa sababu aliona baba na shangazi yake wamejishikilia. Leo tunamfungia kijana chumbani peke yake na kitabu na simu, kisha tunashangaa simu inapomshinda.

Basi tufanye nini?

Sitawaambia mnyang'anye watoto simu. Kijana wa kidato cha nne leo anapata mengi humo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kijana wa Kamuli au Mabira ambaye shule yake ina nakala chache anaweza kuvisoma. Bei ya mnada wa kahawa wa chama chetu kikuu cha ushirika, KDCU, inafika kwenye magrupu ya simu mapema, na mara nyingi ni kijana anayemwambia babu yake leo kilo imeuzwa kiasi gani. Tena kwenye nyumba nyingi simu ni moja, ndiyo inayopokea pesa, ndiyo inayomulika usiku, ndiyo inayoita bodaboda mgonjwa akizidiwa. Anayesema zima simu kabisa hajui maisha yetu.

Lakini simu inaweza kubaki wazi kwa kupigiwa huku data imezimwa. Hilo linawezekana hata kwenye nyumba yenye simu moja. Pakua kitabu, zima data, soma. Mjomba akipiga, atakupata. Grupu la darasa litasubiri, na ukirudi utalikuta pale pale likibishana.

Zaidi ya hapo, kama kitabu ni cha karatasi, iweke simu mahali usipoiona. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliwapa wanafunzi majaribio ya akili, wengine simu zao zikiwa mezani zimefunikwa, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale wa chumba kingine, ingawa simu zote zilikuwa kimya. Watu wengine walirudia uchunguzi wa namna hiyo na si wote walipata jibu lile lile, kwa hiyo siwaambii ni sheria. Ila kulijaribu jambo hilo hakuna gharama. Simu ibaki jikoni kwa mama, wewe kaa sebuleni au chini ya mwembe, na kitabu kimoja.

Usianze na saa mbili za kusoma, utashindwa na utajiona hufai. Anza na dakika 20. Akili ikitoka irudishe. Mara ya kwanza itatoka kila baada ya mistari mitatu, na hapo usijilaumu, kwa sababu ule urudishaji wenyewe ndio mazoezi. Wiki ya pili ongeza. Kijana aliyeanza hivyo Desemba, akafika Julai, atakuwa na kitu ambacho bando haliwezi kumnunulia. Na hata yule ambaye matokeo hayakumpeleka kidato cha tano, anayekwenda VETA kujifunza umeme au kushona, au anayebaki na shamba la baba, anauhitaji umakini huo huo. Fundi umeme anayetupia jicho stetasi akiwa juu ya ngazi anahatarisha maisha yake.

Wazazi, kaeni nao. Baba, ile saa ambayo mwanao anasoma, wewe pia zima data, hata kama husomi. Tengeneza jembe, hesabu magunia, piga pasi shati la kanisani au kanzu ya msikitini. Usiku simu zote za nyumba zilale chumba kimoja, na yako ikiwemo. Na vijana wawafundishe wadogo zao. Mwombe aliyemaliza kidato cha nne amfundishe hesabu mdogo wake wa darasa la sita kila jioni, kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto mgawanyo huku unasukuma video kwa kidole. Mtoto mwenyewe atakukatalia.

Ninalo ombi moja kwa walimu wakuu na bodi za shule za Karagwe na Kyerwa. Marufuku ya simu shuleni naiunga mkono. Lakini marufuku inaisha siku kijana anapotoka getini, na siku hiyo ndiyo anaanza kuihitaji elimu ambayo hakupewa. Mtihani wa mwisho ukimalizika Novemba, kabla wanafunzi hawajafunga magodoro yao na kupanda magari ya kurudi nyumbani, mwalimu mmoja akae nao nusu saa. Awaeleze ukurasa usio na mwisho unavyofanya kazi. Awaeleze bando la usiku linavyokula usingizi. Awape kitabu kimoja kila mmoja, au orodha ya vitabu vilivyoko mtandaoni, na awaambie Julai wataulizwa kuhusu kitabu hicho. Na shule zinazopokea kidato cha tano ziulize kweli, wiki ile ya kwanza.

Kama shuleni kwenu mmeshaanza jambo la namna hii, au kama wewe kijana umejaribu na una la kutueleza, tupigie au tuandikie, tulizungumze wiki ijayo kwenye kipindi hiki hiki. Na vijana, mlale mapema.